Jumuiya moja, kila jirani na hofu yake: kwa nini majeshi yalikuja Goma yakaondoka

Swali limetoka kwa mama mmoja mfanyabiashara wa Bunagana, wilaya ya Kisoro, anayeuza mafuta ya kula, sabuni na unga kwa wateja wa upande wa Kongo. Ameandika hivi: "Urusi ilipoivamia Ukraine, Wazungu walishikana. Kongo imeingia Jumuiya yetu mwaka 2022, lakini Goma ilipoanguka kila mtu alishika njia yake. Wakenya walikuja wakaondoka, watu wa Afrika Kusini wakaja wakaondoka, na sasa tunaambiwa amani iko Qatar na Marekani. Hii miungano kazi yake ni nini? Sisi Uganda tuko upande gani? Nataka kukopa nipanue stoo yangu hapa mpakani. Nifanye hivyo, au nihamie Mpondwe?"

Jibu:

Mama, mtu anayetaka kukopa ili apanue biashara jirani kabisa na eneo la waasi anastahili kujibiwa waziwazi. Nitakuambia kwanza ninachoamini, halafu nieleze kwa nini, na swali la stoo nitalifikia mwishoni kwa sababu jibu lake linategemea mengine yote.

Nchi hushikana vitani zinapoogopa adui mmoja. Na huendelea kushikana pale ambapo anayewageuka wenzake analipishwa gharama asiyoweza kuibeba. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, mkataba unabaki karatasi, hata ukitiwa saini na marais kumi mbele ya kamera. Katika vita hivi vya Kivu, mashariki mwa Kongo, yamekosekana yote mawili.

Nianze na Ulaya, maana mfano huo unahitaji kurekebishwa kidogo. Ukraine haikuwa mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, ilipovamiwa Februari 2022. Kwa hiyo hakuna nchi ya NATO iliyotuma jeshi lake kupigana bega kwa bega na Waukraine. Walichotuma ni silaha, fedha, mafunzo na taarifa za kijasusi, na Urusi wakaiwekea vikwazo. Waliokimbia kushikana hasa ni wale waliokuwa nje wakaona zamu inaweza kuwa yao. Finland ina mpaka na Urusi wa zaidi ya kilomita 1,300, na kwa miongo mingi ilikataa kujifunga na muungano wowote wa kijeshi. Tarehe 4 Aprili 2023 ikaingia NATO. Sweden, iliyokuwa nje ya miungano ya kijeshi kwa takriban miaka 200, ikafuata Machi 2024. Hata huko mambo hayakwenda mara moja: Sweden ilisubirishwa karibu miaka miwili kwa sababu Uturuki na Hungary zilikuwa na madai yao. Lakini mwishowe walifika, kwa kuwa ukimuuliza mtu wa Helsinki, wa Stockholm au wa Warsaw hatari inatoka wapi, wote wanakuonyesha upande mmoja. Na nyuma yao wote yupo Marekani, mwenye nguvu ya kumfanya mshambuliaji afikiri mara mbili.

Vita ile nayo iliingia dukani kwako. Urusi na Ukraine ndizo zinazouza sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti duniani. Yalipoadimika, wanunuzi wakakimbilia mawese, na Aprili 2022 Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ikazuia mawese yake yasiuzwe nje kwa wiki kadhaa. Viwanda vyetu vinategemea mawese ghafi kutoka nje. Ndipo jerikeni ya mafuta na mche wa sabuni vikapanda bei, na petroli nayo ikapanda, ukawa unalipa zaidi kununua mali na unalipa zaidi kuisafirisha. Mwezi uliotangulia, tarehe 2 Machi 2022, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura ya kuilaani Urusi, Kenya ilikubali na Uganda ikajizuia. Majirani wawili wa Jumuiya moja hawakuona vita ile kwa jicho moja. Wengi walilichukulia hilo kuwa jambo dogo la kidiplomasia. Mimi nadhani lilikuwa linatuonyesha mapema kitakachotokea karibu na nyumbani.

Kongo ilitia saini kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022. Miezi miwili baadaye, tarehe 13 Juni, waasi wa M23 wakaiteka Bunagana ya upande wa pili, na wewe unajua kuliko mimi jinsi watu walivyovuka kuja Kisoro usiku na mchana, na jinsi kituo cha wakimbizi cha Nyakabande kilivyojaa. Kinshasa ilikuwa imeingia Jumuiya ikitarajia ulinzi. Jumuiya ikaunda kikosi. Wakenya wakatua Goma Novemba 2022, wakafuatwa na Warundi, Wasudani Kusini na vijana wetu wa UPDF, jeshi la Uganda, ambao walipangiwa maeneo ya Bunagana na Rutshuru.

Tatizo lilijitokeza tangu siku za kwanza. Serikali ya Rais Tshisekedi wa Kongo ilitaka kikosi kipigane na M23. Nairobi na Kampala zilikiona kikosi kama msimamizi: waasi wajiondoe, kikosi kikae katikati, mazungumzo yaendelee. Hakuna aliyesuluhisha tofauti hiyo kabla ya askari kupanda ndege. Wakazi wa Goma wakaandamana wakiuliza hawa wamekuja kufanya nini. Kamanda wa kwanza, Meja Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, akaacha kazi Aprili 2023 akitaja vitisho dhidi ya usalama wake. Desemba 2023 Kinshasa ikakataa kuongeza muda, na kikosi kikafunga virago.

Ukitazama kila nchi iliogopa nini, utaona kwamba hakukuwa na njia nyingine. Uganda inaiogopa ADF, waasi wenye asili ya Uganda waliojificha Kongo, walioua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, katika shule ya Lhubiriha pale Mpondwe, mpakani wilaya ya Kasese, Juni 2023. Rwanda inasema inaiogopa FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994. Burundi ina waasi wake wa RED-Tabara, na inaiogopa Rwanda yenyewe kiasi kwamba ilifunga mpaka wa nchi hizo mbili Januari 2024. Kenya haina waasi Kongo. Ina benki zilizonunua benki za huko, ina bandari ya Mombasa, inataka barabara zipitike. Na Kongo? Anayeogopwa na Kongo ni Rwanda, mwanachama mwenzake. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Jumuiya iliyoundwa kwa ajili ya ushuru wa forodha na soko la pamoja iliombwa ipigane na mmoja wa watoto wake. Ulaya haikuwahi kuombwa hivyo. Urusi iko nje ya NATO.

Na kisheria pia msingi ulikuwa mwembamba. Jumuiya yetu ina itifaki ya ushirikiano wa ulinzi ya mwaka 2012, na hiyo inashughulika zaidi na mafunzo, mazoezi ya pamoja na kusaidiana. Jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, SADC, ina mkataba wa kujihami pamoja, uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003, unaosema shambulio la silaha dhidi ya mmoja lijibiwe na wote. Kongo iko katika jumuiya zote mbili, kama ilivyo Tanzania. Kwa hiyo Kinshasa ilipoona Waafrika Mashariki hawapigani, ikageukia kusini. Ndiyo sababu uliona bendera zinabadilishana.

Hapa naomba uvumilie niende polepole, maana ndipo funzo kubwa la vita hivi lilipo, na ndipo wachambuzi wengi wanapopita mbio.

M23 waliwahi kuiteka Goma kabla ya hapo, Novemba 2012, wakakaa siku chache. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2098, likaunda brigedi yenye ruhusa ya kushambulia. Askari wake walitoka nchi tatu: Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Kufikia Novemba 2013, wakishirikiana na jeshi la Kongo, M23 walikuwa wameshindwa. Wapiganaji mamia wakavuka kuingia Uganda wakasalimisha bunduki, wengi wao wakawekwa kambi ya Bihanga, wilaya ya Ibanda.

Desemba 2023 nchi zilezile tatu zikarudi Kivu ileile kupigana na M23 walewale, safari hii chini ya SADC. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaanguka. Afrika Kusini ilipoteza askari 14 katika mapigano ya Sake na Goma. Katikati ya Februari Bukavu nayo ikafuata. Tarehe 13 Machi SADC ikatangaza kuifunga operesheni, na kuanzia mwisho wa Aprili misafara ya malori ya kijeshi ikaanza kuondoka Goma kwa barabara, ikapita ndani ya Rwanda hadi Tanzania. Askari waliotumwa kuwapiga M23 walirudi nyumbani kwa kupitia nchi ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema ndiyo inayowaunga mkono M23 kwa askari na silaha. Rwanda inakanusha, inasema inachofanya ni kujihami dhidi ya FDLR.

Nchi tatu zilezile, adui yuleyule, milima ileile. Kilichobadilika ni nini?

Silaha zilibadilika, ndiyo, na M23 wa 2025 walikuwa na uwezo mkubwa kuliko wa 2013. Kikosi cha SADC nacho hakikuwa na ndege za kutosha. Lakini badiliko lililoamua mambo lilikuwa mbali na Kivu. Mwaka 2012 Marekani, Uingereza, Ujerumani na Uholanzi walizuia sehemu ya misaada yao kwa Rwanda, na Kigali ikasikia uchungu. Kufikia 2024 hesabu ilikuwa nyingine. Tangu Julai 2021 askari wa Rwanda walikuwa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, wakipambana na wanamgambo katika eneo lenye mradi mkubwa wa gesi ambao kampuni ya Ufaransa imewekeza. Umoja wa Ulaya ukawa unachangia gharama za askari hao: euro milioni 20 mwaka 2022, na nyingine milioni 20 mwaka 2024. Uingereza ilikuwa na mpango wa kuwapeleka wahamiaji Kigali, mpaka serikali mpya ilipoufuta Julai 2024. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ukatia saini na Rwanda makubaliano juu ya madini. Kila mmoja aliyekuwa na fimbo mwaka 2012 alikuwa sasa na kitu ambacho angekipoteza akiipiga nayo Rwanda.

Hivi ndivyo vita vya eneo moja vinavyopanga upya usalama wa dunia, mama. Waasi wanaokusanya ushuru Bunagana wanaunganishwa, kwa kamba ambayo huioni, na gesi ya Msumbiji na siasa za wahamiaji za London. Nchi ndogo yenye jeshi zuri ikigundua kwamba wakubwa wanahitaji askari wake kwingineko, imejipatia ngao. Sisi Uganda tunalijua hilo vizuri. Tulikuwa wa kwanza kupeleka kikosi cha Umoja wa Afrika Mogadishu, Machi 2007, na kwa miaka mingi hilo limefanya mataifa ya magharibi yatuvumilie katika mengi. Tulililipia pia: mabomu ya Julai 2010 mjini Kampala yaliua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia.

Adhabu kwa Rwanda ilikuja, lakini baada ya Goma na Bukavu kuanguka. Februari 2025 Marekani ikamwekea vikwazo Jenerali James Kabarebe, waziri wa Rwanda. Baraza la Usalama kwa kauli moja likapitisha azimio 2773 likiitaka Rwanda iache kuwasaidia M23 na iondoe askari wake. Machi Umoja wa Ulaya ukaweka vikwazo vyake, na siku hiyohiyo Rwanda ikavunja uhusiano wa kidiplomasia na Ubelgiji. Kwa familia za askari waliokufa Sake, hayo yote yalikuja kwa kuchelewa.

Sasa kwa nini Qatar, na kwa nini Marekani? Qatar ina pesa zake Rwanda, ikiwemo katika uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, na inasikilizwa Kigali. Kinshasa kwa upande wake iliamua kumwita Washington kwa kumwonyesha madini: kobalti, shaba, litiamu, koltani. Machi 18, 2025, wakati Angola ilikuwa imeandaa meza Luanda ya Kongo na M23, Tshisekedi na Rais Kagame wa Rwanda wakaonekana ghafla Doha wameketi na Amiri wa Qatar. Siku chache baadaye Angola ikajitoa kwenye usuluhishi. Tarehe 27 Juni mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda wakatia saini mkataba Washington. Julai Kongo na M23 wakatia saini tamko la kanuni huko Doha. Tarehe 4 Desemba marais wenyewe wakatia saini Washington.

Siku sita baadaye M23 wakaingia Uvira, mji wa Kongo ulio karibu na mpaka wa Burundi.

Halafu, ndani ya wiki moja, wakatangaza kwamba watajiondoa Uvira, wakisema ni kwa kuombwa na Marekani. Angalia vizuri tukio hilo. Saini haikuwazuia kuingia. Aliyewafanya waseme watatoka ni yule mwenye uwezo wa kuumiza na kutunuku. Nairobi haikuweza kuwafanya waseme hivyo, Luanda haikuweza, wala mkutano wa pamoja wa Jumuiya yetu na SADC uliofanyika Dar es Salaam Februari 2025 haukuweza.

Linaniuma kuandika hivyo. Nimetumia maisha yangu ya kazi nikiwafundisha vijana wa Kampala kwamba matatizo ya Afrika yana wasuluhishi Afrika, na bado naamini kwamba mtu wa Nairobi anaijua Kivu kuliko mtu wa Washington. Lakini kujua bila uwezo wa kulipisha hakujamsimamisha mpiganaji hata mmoja barabara ya Rutshuru. Na hatari ya amani inayotegemea mkubwa wa mbali iko wazi: anayo nia leo kwa sababu madini yanahitajika leo. Uchaguzi wa huko, au vita vingine kwingineko, unaweza kumwondoa mezani bila mtu yeyote wa Goma kuulizwa.

Nifike kwenye swali lako la pili, Uganda iko upande gani. Jibu liko kwenye mizigo yako. Katoni ya sabuni inayotoka stoo yako inapita kwa maofisa wa URA, watoza kodi wetu, inavuka hatua chache, inakutana na watoza ushuru wa M23. Katoni hiyohiyo ikipitia Mpondwe inaingia Kasindi, inakutana na ofisi ya serikali ya Kinshasa, kisha inakwenda Beni kwa barabara inayolindwa na UPDF pamoja na jeshi la Kongo. Serikali moja, mipaka miwili, washirika wawili wanaopigana wenyewe kwa wenyewe.

Hilo si bahati mbaya. Novemba 30, 2021, wiki mbili baada ya mabomu ya ADF katikati ya Kampala, UPDF iliingia Kongo kwa ridhaa ya Tshisekedi katika operesheni inayoitwa Shujaa. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, askari wetu wakaingia Bunia, mji mkuu wa Ituri. Kwa hiyo kaskazini sisi ni rafiki wa Kinshasa. Wakati huohuo, ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Julai 2024 ilisema viongozi wa M23 walikuwa wakipita na kukutana Uganda, na kwamba baadhi ya maofisa wetu wa ujasusi waliwasaidia. Serikali ilikanusha. Lakini Julai 2025 serikali hiyo ikafungua tena rasmi mipaka ya Bunagana na Ishasha, huku upande wa pili ukiwa mikononi mwa M23, na Kinshasa haikufurahi.

Kuielewa Kampala inabidi ukumbuke Kisangani. Agosti 1998 Uganda na Rwanda ziliingia Kongo pamoja, zikiwa ndugu wa vita, dhidi ya Laurent Kabila, rais wa Kongo wakati huo. Zimbabwe, Angola na Namibia zikaja kumtetea. Ndani ya mwaka mmoja wale ndugu walikuwa wanapigana wao kwa wao, na Juni 2000 walishambuliana kwa mizinga siku sita katikati ya mji wa Kisangani, raia mamia wakafa. Tena kwa sababu ileile: waliingia kwa mlango mmoja lakini kila mmoja na hofu yake, na madini yakaongezea. Bili imekuja baadaye. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda mwaka 2005, na Februari 2022 ikaamuru tuilipe Kongo dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Pesa hizo ni zako na zangu. Kongo iliishtaki Rwanda pia, lakini mwaka 2006 mahakama hiyo ikasema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi, kwa kuwa Rwanda haikuwa imekubali mamlaka yake.

Kwa hiyo Kampala ina hofu mbili zinazovutana. Inaogopa kugombana tena na Kigali; mpaka wa Katuna ulifungwa kuanzia Februari 2019 mpaka Januari 2022, na wafanyabiashara wa Kabale wanakumbuka hasara yake. Na inaogopa kumwachia Rwanda peke yake mashariki yote ya Kongo, ambayo ni soko letu kubwa. Ukikaa na hofu mbili namna hiyo unakaa pande zote mbili. Uganda iko upande wa mpaka wake, basi.

Mimi naelewa mantiki hiyo, lakini siiungi mkono ilivyo sasa, kwa sababu mbili. Ya kwanza, eneo la Lubero limekuwa mahali ambapo M23 wako kusini na UPDF wako kaskazini, na kinachowazuia wasikutane ni maelewano ya wakubwa wasiyoyaandika popote. Kisangani ilianza hivyohivyo. Ya pili, uamuzi wa kupeleka vijana wetu nje unafika bungeni ukiwa umeshatekelezwa. Machi 2025 Bunge lilipitisha kupelekwa kwa UPDF Sudan Kusini wakati askari walikuwa tayari wako Juba. Katiba ya 1995, ibara ya 210, inalipa Bunge kazi ya kutunga sheria juu ya askari kupelekwa nje, na waliotunga Katiba hiyo walikuwa na sababu. Mbunge wa Kisoro anapaswa kuulizwa na watu wa Kisoro: tumejifunga na nani, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani? Nchi inayopokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, haiwezi kusema vita vya jirani ni siri ya majenerali.

Sasa stoo.

Usikope kujenga Bunagana, si kwa sasa. Biashara ipo, na najua M23 wakiwa wametulia mzunguko ni mzuri. Lakini njia yako inategemea kundi ambalo mkataba wa Washington na mazungumzo ya Doha vinataka liondoke au libadilike, na likiondoka kwa vita au kwa amani, siku hizo za mpito ndizo mali hupotea. Endelea na chumba cha kupanga. Weka mali inayotoka haraka, kama sabuni na mafuta ya madebe madogo, na upunguze mali kauli kwa wateja wa Goma. Benki za Goma zilifungwa mji ulipotekwa Januari 2025, kwa hiyo mteja mwaminifu kabisa anaweza kushindwa kukulipa kwa kukosa dola mkononi tu.

Mpondwe ni imara zaidi kwa sababu pande zote mbili za mpaka zina serikali zinazotambuana na jeshi linalolinda barabara ya Beni. Lakini kodi ya stoo iko juu, wenyeji wana wateja wao wa miaka mingi, na ADF bado wanaua watu Beni na Lubero. Ukienda, anza na shehena ndogo kupitia mtu unayemwamini Kasindi, uone msimu mmoja, kabla hujahamisha mtaji.

Ukitaka kujua kama amani ya Washington imefika Bunagana, usingoje redio itangaze mkutano mwingine. Angalia nani anagonga mhuri upande wa pili: siku ofisa wa Kinshasa atakaporudi kwenye dirisha lile, hata akiwa ameketi pamoja na mtu wa M23, jambo limebadilika. Angalia benki za Goma, na ndege za abiria kwenye uwanja wa Goma. Na uwaulize madereva wa Fuso wanaotoka Butembo kuhusu barabara ya Lubero, vizuizi vingapi na vya nani. Haya matatu yakienda pamoja kwa miezi mitatu au minne bila kurudi nyuma, nenda SACCO ukachukue mkopo wako. Likitangulia lile la Lubero kwenda vibaya, hamisha mali usiku huohuo.